Kani ya uvutano kati ya Dunia, Mwezi na Jua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwanafunzi wa sekondari anayehangaika na hesabu za uvutano, na pia ya mtu mzima aliyeacha darasa zamani lakini bado anataka kujua Mwezi umeshikiliwa na nini. Hesabu yenyewe ni fupi, mstari mmoja tu. Kinachowakwamisha wengi ni umbali: unapimwa kuanzia wapi, kwa kizio gani, na kwa nini ukibadilika kidogo jibu hubadilika sana. Kwa hiyo nimekaa sana kwenye umbali, na mifano karibu yote nimeitoa kwenye Mwezi, kwa sababu namba zake zinajulikana vizuri na kazi yake watu wa pwani wanaiona kila siku.

Kanuni yenyewe inasemaje?

F = G × m₁ × m₂ ÷ r²

F ni kani ya uvutano kwa newton. m₁ na m₂ ni masi za magimba mawili kwa kilo. r ni umbali kati ya vitovu vyao kwa mita. G ni namba isiyobadilika ya uvutano, 6.674 × 10⁻¹¹, na vizio vyake ni N m²/kg². Isaac Newton aliitangaza kanuni hii mwaka 1687. G ilikuja kupimwa baadaye sana, na habari zake ziko mbele.

Masi ikiongezeka mara mbili, kani nayo huongezeka mara mbili. Umbali ukiongezeka mara mbili, kani hubaki robo. Ukiongezeka mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia.

Masi na uzito si kitu kimoja?

Hapana. Masi ni kiasi cha maada iliyomo kwenye kitu, na haibadiliki uendako. Uzito ni kani: ni jinsi Dunia, au Mwezi, inavyokivuta kitu hicho. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una masi ya kilo 50 Dodoma na kilo 50 Mwezini, lakini uzito wake Dodoma ni karibu newton 490, na Mwezini ni karibu newton 81. Kwenye kanuni tunaweka masi, kwa kilo. Uzito ndilo jibu linalotoka.

Nionyeshe hesabu ya Dunia na Mwezi hatua kwa hatua.

Andika kwanza unavyovijua, vyote kwa kilo na mita, kabla hujagusa kikokotoo:

Masi ya Dunia: 5.972 × 10²⁴ kg
Masi ya Mwezi: 7.342 × 10²² kg
Umbali wa wastani kati ya vitovu: km 384,400, yaani 3.844 × 10⁸ m

Kisha tenganisha namba za mbele na vipeo vya kumi. Ukifanya hivyo utaona kila kitu kinakoelekea, na kosa likiingia litaonekana mapema.

Sehemu ya juu: 6.674 × 5.972 × 7.342 = 292.6. Vipeo: −11 + 24 + 22 = 35. Kwa hiyo juu tuna 292.6 × 10³⁵.

Sehemu ya chini: 3.844 × 3.844 = 14.78. Kipeo 8 kikizidishwa kwa 2 ni 16. Chini tuna 14.78 × 10¹⁶.

Gawanya: 292.6 ÷ 14.78 = 19.8, na 35 − 16 = 19. Jibu ni 19.8 × 10¹⁹, au kwa mtindo uliozoeleka, 1.98 × 10²⁰ N.

Hesabu hii unaweza kuihakiki kichwani. Saba mara sita mara saba ni 294. Gawanya kwa 15, unapata karibu 20. Vipeo vinakupa 19. Ishirini mara 10¹⁹ ni 2 × 10²⁰. Kikokotoo kikikupa kitu kilicho mbali na hapo, kuna kosa mahali. Namsihi kila mwanafunzi afanye makadirio haya kabla ya kubonyeza chochote: hayachukui hata dakika, na huokoa alama nyingi kwenye mtihani.

Kikokotoo changu kinanipa jibu la ajabu. Kosa liko wapi?

Mara nyingi ni moja kati ya haya matatu.

La kwanza ni kusahau kipeo cha pili cha umbali. Ukigawanya kwa 3.844 × 10⁸ mara moja tu, utapata 7.6 × 10²⁸, namba iliyo kubwa mara milioni 384 kuliko inavyotakiwa.

La pili ni kuacha umbali ukiwa kilomita. Kilomita moja ni mita 1,000, na kwa kuwa umbali una kipeo cha pili, kosa hili hulikuza jibu mara milioni moja, wala si mara elfu.

La tatu ni mabano. Ukiandika ÷ 3.844 × 10^8 bila mabano, kikokotoo hugawanya kwa 3.844 peke yake, kisha huzidisha kwa 10⁸. Tumia kitufe cha EXP (au ×10ˣ), kinachoifanya 3.844 × 10⁸ kuwa namba moja, au fungia sehemu yote ya chini ndani ya mabano.

Newton 1.98 × 10²⁰ ni kubwa kiasi gani?

Tuseme uvutano umeondolewa, na Mwezi unafungwa kwa Dunia kwa nguzo ya chuma. Chuma cha kawaida cha ujenzi hukatika kikivutwa kwa takriban newton milioni 400 kwa kila mita mraba. Gawanya 1.98 × 10²⁰ kwa 4 × 10⁸: unahitaji nguzo yenye unene wa mita mraba 4.95 × 10¹¹, yaani karibu kilomita mraba 495,000. Kenya nzima, toka Mombasa hadi Turkana, ni kama kilomita mraba 580,000. Chuma kigumu kisicho na ufa, kinachofunika zaidi ya asilimia 85 ya Kenya na kurefuka hadi Mwezini, ndicho kingefanya kazi ambayo uvutano unaifanya kimya kimya usiku na mchana.

Kani hiyo ni ileile siku zote?

La. Njia ya Mwezi si duara kamili. Ukiwa karibu kabisa, umbali ni kama km 363,300, na kani hupanda hadi 2.22 × 10²⁰ N. Ukiwa mbali kabisa, umbali ni kama km 405,500, na kani hushuka hadi 1.78 × 10²⁰ N. Tofauti ya umbali ni karibu asilimia 12 tu, lakini tofauti ya kani ni karibu asilimia 25. Hiyo ndiyo kazi ya kipeo cha pili.

Tena Mwezi unatuacha polepole, kama sentimita 3.8 kila mwaka. Tunalijua hili kwa sababu wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo Mwezini mwaka 1969, na hadi leo miali ya leza hurushwa kwenye vioo vya aina hiyo ili kupima muda inaochukua kwenda na kurudi.

Umbali unapimwa kutoka wapi: juu ya ardhi au katikati?

Katikati, siku zote. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa hiyo twende taratibu.

Madishi mengi ya televisheni yaliyo juu ya mapaa yetu yanatazama satelaiti zilizo km 35,786 juu ya ikweta. Chukua satelaiti moja ya kilo 3,000. Mwanafunzi huiona namba 35,786 kwenye swali, huigeuza mita, huiweka kwenye kanuni, na hupata karibu newton 934. Si sahihi. Namba ile ni kimo kutoka usawa wa bahari. Dunia yenyewe ina nusu kipenyo cha km 6,378 kwenye ikweta, na hiyo lazima ijumlishwe: 35,786 + 6,378 = km 42,164. Kani halisi ni karibu newton 673. Yule mwanafunzi amezidisha kwa karibu asilimia 39, na vitufe vyote alibonyeza sawasawa.

Kwa nini kitovu? Kwa sababu kila punje ya Dunia inavuta: ile iliyo chini ya miguu yako, ile iliyo upande wa pili wa Dunia, na zote za kando. Newton alithibitisha kwamba tufe ambalo maada yake imepangwa sawasawa kukizunguka kitovu huvuta vitu vilivyo nje yake kana kwamba masi yake yote imekusanyika kwenye nukta moja ya katikati. Huu ndio uthibitisho ninaouona mzuri kuliko yote katika somo hili. Bila huo tungelazimika kujumlisha mvuto wa kila jiwe.

Na kama vitu si tufe? Meli, kwa mfano?

Hapo kanuni inakupa makadirio tu. Fikiria meli mbili, kila moja tani 50,000, zimelala sambamba bandarini, na kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ni mita 100. Ukizichukulia kama nukta mbili:

6.674 × 10⁻¹¹ × (5 × 10⁷)² ÷ 100² = newton 16.7

Ni kama uzito wa kifurushi cha kilo 1.7. Lakini meli ya ukubwa huo ina urefu wa kama mita 200, mara mbili ya umbali wenyewe. Tezi (nyuma) ya meli moja iko mbali sana na omo (mbele) ya nyingine, na mvuto kati yao umekaa mshazari. Ukizichukulia meli kama fito mbili ndefu na kujumlisha vipande vyake vyote, jibu linashuka hadi karibu newton 10. Kwa hiyo jiulize kwanza: umbali ni mkubwa kuliko vitu vyenyewe mara ngapi? Ukiwa mkubwa mara nyingi, tumia kanuni bila wasiwasi. Ukikaribiana na ukubwa wa vitu, na vitu si tufe, usiliamini jibu hadi tarakimu ya tatu.

Nani anavuta zaidi, Dunia au Mwezi?

Wanavutana sawasawa. Dunia inauvuta Mwezi kwa 1.98 × 10²⁰ N, na Mwezi unaivuta Dunia kwa 1.98 × 10²⁰ N. Kinachotofautiana ni mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika kila sekunde, kwa sababu Dunia ni nzito mara 81.3. Kani ileile inaupa Mwezi mchapuko wa 0.0027 m/s², na Dunia 0.000033 m/s² tu.

Dunia nayo haijatulia. Magimba yote mawili huzunguka nukta moja iliyo kama km 4,670 kutoka kitovu cha Dunia, ndani ya Dunia yenyewe.

Nitajuaje kwamba kanuni ni ya kweli, si hadithi ya kitabuni?

Fanya jaribio ambalo Newton mwenyewe alilifanya kwa kalamu. Huhitaji G wala masi yoyote.

Mwezi uko mbali na kitovu cha Dunia mara 60 hivi kuliko sisi tulio juu ya uso. Kama uvutano hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, basi kule Mwezini mchapuko unapaswa kuwa 9.81 ÷ 3,600, yaani 0.0027 m/s². Sasa pima mwendo halisi wa Mwezi. Unazunguka duara la nusu kipenyo cha 3.844 × 10⁸ m kwa siku 27.32, kwa hiyo kasi yake ni karibu mita 1,023 kwa sekunde. Mchapuko wa kitu kinachozunguka ni kasi kwa kipeo cha pili ukigawanya kwa nusu kipenyo: 1,023² ÷ 3.844 × 10⁸ = 0.0027 m/s².

Namba mbili zilizotoka njia mbili tofauti kabisa, moja kwenye kitu kinachodondoka kutoka mkononi, nyingine kwenye Mwezi, zinakutana.

Jua nalo linauvuta Mwezi?

Linauvuta, tena kuliko Dunia inavyouvuta. Kwa masi ya Jua 1.989 × 10³⁰ kg na umbali wa 1.496 × 10¹¹ m, kani kati ya Jua na Mwezi ni 4.36 × 10²⁰ N. Ni mara 2.2 ya kani ya Dunia.

Wengi hawaamini wakiliona jibu hili mara ya kwanza, na hurudia hesabu. Rudia na wewe, litatoka lilelile.

Sasa kwa nini Jua halijatunyang'anya Mwezi?

Kwa sababu Jua linaivuta Dunia pia, na kwa mchapuko ulio karibu sawa: 0.0059 m/s² kwa yote mawili. Dunia na Mwezi vinaliangukia Jua kwa pamoja, bega kwa bega, mwaka mzima. Ili Jua liutenganishe Mwezi na Dunia, lazima limvute mmoja zaidi ya mwenzake, na tofauti hiyo haizidi 0.00003 m/s², kama sehemu moja ya tisini ya mchapuko ambao Dunia inaupa Mwezi. Dunia inashinda bila shida. Mwezi ungekuwa umbali wa zaidi ya kilomita milioni 1.5 hivi, Dunia isingeweza kuushika.

Mfano huu pia unafundisha jinsi ya kujumlisha kani za magimba matatu. Kani ina mwelekeo, kwa hiyo hujumlishi namba tu. Mwezi ukiwa kati ya Dunia na Jua, siku moja au mbili kabla watu hawajauona umeandama, kani mbili zinavuta kinyume: 4.36 − 1.98 = 2.38 × 10²⁰ N, kuelekea kwenye Jua. Ukiwa mpevu, Dunia na Jua viko upande mmoja: 4.36 + 1.98 = 6.34 × 10²⁰ N. Mwezi ukiwa nusu, kani mbili hukutana kwa pembe mraba, na unatumia Pythagoras: kipeuo cha pili cha (4.36² + 1.98²), ambacho ni 4.79 × 10²⁰ N.

Angalia tena jibu la kwanza. Hata Dunia inapouvuta Mwezi kinyume na Jua, jumla bado inaelekea kwenye Jua. Ndiyo maana njia ya Mwezi ukiichora kulizunguka Jua haina vitanzi wala mawimbi yanayorudi nyuma. Daima imejipinda kuelekea kwenye Jua.

Kama Jua lina nguvu zaidi, mbona maji ya bahari yanafuata Mwezi?

Swali hili huulizwa sana pwani, na linastahili namba. Tuhesabu mvuto kwa kila kilo moja ya maji, kwa mikronewton, yaani sehemu za milioni za newton.

Mvuto wa Mwezi upande wa Dunia unaoutazama, ambako umbali ni km 378,029: 34.29
Mvuto wa Mwezi kwenye kitovu cha Dunia: 33.16
Mvuto wa Mwezi upande wa pili, ambako umbali ni km 390,771: 32.09

Maji ya upande wa karibu yanavutwa zaidi ya Dunia yenyewe kwa 1.13. Dunia nayo inavutwa zaidi ya maji ya upande wa mbali kwa 1.07. Kwa hiyo maji hujikusanya pande zote mbili, na Dunia ikijizungusha, pwani hupata maji kujaa mara mbili kwa siku.

Sasa Jua. Mvuto wake kwa kila kilo ni 5,930, karibu mara 179 ya ule wa Mwezi. Lakini kwa sababu Jua liko mbali mno, tofauti kati ya kitovu cha Dunia na uso wake ni 0.5 tu. Kinachonyanyua maji ni tofauti ya mvuto, na tofauti hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Hapo Mwezi unalishinda Jua mara 2.2.

Mwezi na Jua vinapokaa mstari mmoja na Dunia, Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti hizi mbili hujumlishana: 1.1 na 0.5. Ndiyo bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Zinapokuwa kwenye pembe mraba hupunguzana, na hayo ndiyo maji mafu. Unguja, maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4. Akina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani hupanga kazi zao kwa mahesabu hayo: bamvua maji yanapokupwa hutoka mbali, vigingi na kamba vinabaki wazi, na ndipo wanapoingia kufunga miche na kuvuna. Kila siku saa yao husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa sababu Mwezi nao umesogea kwenye njia yake.

Sayari zikijipanga mstari mmoja zinaweza kuleta mafuriko au tetemeko?

Ujumbe wa namna hii husambazwa kwenye simu kila mara, na huwatia watu hofu bila sababu. Fanya hesabu. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ina masi ya 1.898 × 10²⁷ kg, na inapotukaribia huwa, kwa wastani, kama 6.29 × 10¹¹ m kutoka kwetu. Kani yake kwa Dunia ni 1.9 × 10¹⁸ N, chini ya sehemu moja ya mia ya ile ya Mwezi. Lakini tumeshaona kwamba kinachosukasuka bahari ni tofauti ya mvuto. Kwa Mshtarii tofauti hiyo ni ndogo mara 170,000 hivi kuliko ya Mwezi. Zuhura, inayotukaribia kuliko sayari nyingine zote, inaizidi Mshtarii, lakini bado iko chini ya Mwezi kwa karibu mara 19,000. Mwezi wenyewe kusogea kutoka mbali hadi karibu kila mwezi huleta badiliko kubwa kuliko sayari zote zikijumlishwa.

G ilipatikanaje?

Kwa mizani ya uzi. John Michell, kasisi wa Uingereza, aliibuni lakini alifariki mwaka 1793 kabla ya kuitumia. Henry Cavendish aliijenga upya na kufanya vipimo mwaka 1797 na 1798 huko Clapham, London. Ufito wa mbao wa karibu mita 1.8 ulining'inizwa kwa waya mwembamba, kila ncha ikiwa na tufe dogo la risasi la kilo 0.73. Karibu na kila tufe dogo alisogeza tufe kubwa la risasi la kilo 158. Mvuto kati ya tufe kubwa na dogo ni takriban 1.5 × 10⁻⁷ N. Hewa ya joto inayopanda chumbani ingetosha kuvuruga kipimo, kwa hiyo alikifunga chumba na kusoma mizani kwa darubini akiwa nje.

Alichokitangaza hakikuwa G bali densiti ya Dunia: mara 5.48 ya maji. Namba ya leo ni 5.51. Ukishajua G, Dunia inapimika: masi yake ni 9.81 × (6.371 × 10⁶)² ÷ 6.674 × 10⁻¹¹, yaani karibu 5.97 × 10²⁴ kg.

Hadi leo G ndiyo inayosumbua. Thamani inayokubalika ni 6.67430 × 10⁻¹¹, na shaka iliyobaki ni kama sehemu 22 katika milioni. Kwa wanaorusha satelaiti huo ni uzembe usiovumilika, hivyo hawaitumii peke yake. Hutumia G na masi ya Dunia zikiwa zimeshazidishwa pamoja, kwa sababu zao hilo hupatikana moja kwa moja kwenye mwendo wa satelaiti: 3.986004418 × 10¹⁴ m³/s². Ukiwa na namba hiyo, ukigawanya kwa r² unapata mchapuko papo hapo, na nusu ya nafasi za kukosea zimekwisha.

Kati ya Dunia na Mwezi kuna mahali kani zinapolingana?

Ndiyo. Kwa kuwa Dunia ni nzito mara 81.3, na kipeuo cha pili cha 81.3 ni karibu 9, mahali hapo ni kama sehemu tisa kwa kumi za safari: km 346,000 kutoka Dunia na km 38,400 kutoka Mwezini.

Wanaanga wanaelea. Kule hakuna uvutano?

Upo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kama km 400 juu, na hapo mchapuko wa uvutano ni 8.7 m/s², karibu asilimia 89 ya ule wa ardhini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja.

Kanuni ya Newton inashindwa wapi?

Kwanza tuone inakofika. Katika karne ya 19 sayari ya Uranus ilionekana haifuati njia iliyokokotolewa. Urbain Le Verrier wa Ufaransa alihesabu ni gimba gani lisiloonekana lingeweza kuivuta hivyo, akatuma barua Berlin, na tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle akaikuta Neptune ndani ya nyuzi 1 ya mahali palipotajwa. Sayari ilipatikana kwa karatasi na wino.

Le Verrier huyohuyo alikutana na ukomo wake kwenye Zebaki, sayari iliyo karibu kabisa na Jua. Njia yake yenyewe hugeuka polepole, lakini kwa kiasi kinachozidi hesabu zote zinavyoeleza, ziada ikiwa sekunde 43 za pembe kila karne. Hakuna sayari iliyojificha hapo. Albert Einstein alilieleza mwaka 1915 kwa nadharia mpya. Kanuni ya Newton pia huchukulia kwamba mvuto hufika papo hapo, na sivyo ilivyo: Agosti 2017 mawimbi ya uvutano kutoka nyota mbili za nyutroni zilizogongana yalifika, na miali ya gama ikafuata sekunde 1.7 baadaye, baada ya safari ya miaka ya nuru kama milioni 130. Uvutano husafiri kwa kasi ya mwanga.

Kwa Mwezi, satelaiti, bamvua na mtihani wako, Newton anatosha.

Kuna mazoezi ya kujipima?

Jaribu haya, kisha linganisha.

Jua na Dunia: 3.54 × 10²² N.

Jua na Mshtarii, umbali 7.785 × 10¹¹ m: 4.16 × 10²³ N. Iko mbali mara tano kuliko sisi, lakini masi yake imefidia na kuzidi.

Watu wawili wa kilo 60, mita 1 kati yao: 2.4 × 10⁻⁷ N, kwa makadirio, kwa kuwa si tufe.

Mchapuko juu ya uso wa Mwezi, nusu kipenyo km 1,737: 1.62 m/s².

Mtu wa kilo 70 akipanda Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895: ongeza kimo hicho kwenye nusu kipenyo cha Dunia, na uzito wake unapungua kwa karibu newton 1.3 kati ya 687. Ukipima kwa mizani nyeti kileleni utakuta upungufu ni mdogo kuliko huo, kwa sababu mlima wenyewe uko chini ya miguu yake na unamvuta.